Nguo ya Kukimbilia Hupulizwa Kwanza: Risala ya Wakimbiaji wa Mlango wa Nyuma kwa Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Daktari Mkuu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzetu, na wagonjwa mnaotusikiliza kupitia madirisha ya wodi:

Sisi Wakimbiaji wa Mlango wa Nyuma, yaani madobi, wapishi, walinzi, wauguzi wachache wenye moyo na mhasibu mmoja mwenye kitambi kinachopungua, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Jisikie uko nyumbani. Feni iliyo mbele yako ni ya chumba cha kufulia na tumeiazima mpaka mwisho wa hotuba yako, kwa hiyo madobi wanakuombea hotuba fupi.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, kikundi hiki hakikuanzishwa na kamati. Kilianzishwa na sukari. Fundi wa chumba chetu cha ushonaji, mama anayetia viraka mashuka ya hospitali hii tangu wengi wetu hatujaajiriwa, na ambaye hapa kila mtu akiwemo Daktari Mkuu humwita Shangazi, alipimwa akakutwa na kisukari. Daktari akamshauri atembee, na akishazoea, akimbie. Shangazi akamuuliza, "Nikimbie niende wapi, baba, na kazi iko hapa?"

Hata hivyo, kesho yake alfajiri alionekana kwenye mlango wa nyuma, penye kamba za kuanikia mashuka, amevaa gauni la kazini, sweta juu yake, na viatu vyake vya harusini. Akakimbia mpaka kona ya jiko, akarudi, akakaa chini akijicheka mwenyewe. Dobi mmoja aliyemwona akaingiwa na huruma, na siku iliyofuata akamsindikiza. Mpishi akaona wivu, naye akaja. Tukaongezeka hivyo hivyo, mmoja mmoja.

Mwanzoni tulidhani kukimbia ni miguu tu. Kumbe na nguo nayo ina neno lake. Fulana nzito ya pamba ikishakunywa jasho hukaa mwilini kama taulo lililosahaulika kwenye ndoo. Mshono mnene ukisugua paja hatua kwa hatua, mtu hurudi nyumbani anatembea kama bata. Mhasibu wetu alikuja na suruali ya jinzi siku moja tu. Hakurudia, na kwa heshima hatukumuuliza.

Nguo za kukimbilia za dukani, zile zinazotundikwa peke yake kwenye kioo zikamulikwa taa, zilitupita kimo kwa bei. Basi Shangazi akatupeleka kwenye mitumba, na huko ndiko ulikozaliwa utaratibu wetu. Akiokota fulana, huitandaza mdomoni akapuliza. Pumzi ikipita, nguo hiyo itapumua na mwenyewe atapumua. Ikigoma, inarudi kwenye lundo, hata iwe na rangi ya kuvutia namna gani. Kisha huigeuza ndani nje na kupitisha kidole kwenye mishono, kwa sababu mshono unaokwaruza kidole hautalihurumia paja. Mwisho mnunuzi mwenyewe huchuchumaa na kuinua mikono pale pale mbele za watu. Nguo ikipanda mpaka kitovuni, tunaagana nayo.

Muuzaji mmoja alivumilia weee, mwishowe akasema, "Mama, hiyo fulana haina moto. Unaipoza ya nini?"

"Napoza jasho la kesho, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Hebu nipe na ile ya bluu."

Siku hizi muuzaji huyo akituona tunakuja huanza kupuliza mwenyewe, na akipata fulana nzuri hutufichia chini ya meza.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, sukari ya Shangazi imeteremka na daktari wake ni shahidi. Mhasibu amerudia mkanda aliofungia ndoa. Tumejua kwamba rangi kali ni muhimu alfajiri ili wenye magari watuone, na kwamba mfuko wa zipu kiunoni unatosha kwa ufunguo. Akina mama wanaopenda stara wamepata taiti nyepesi za kuvaa chini ya gauni fupi, na ushungi usiobeba jasho. Kwenye fulana tunabana matumizi bila aibu. Kwenye viatu na sidiria hatubani, kwa sababu hivyo viwili ukivikosea mwili wote hukulaumu.

Katika mafanikio haya lipo pia kosa moja ambalo limekuwa sifa. Mapazia ya zamani ya wodi yalipoondolewa, Shangazi aliyapuliza, pumzi ikapita kama hakuna kitu. Akayaomba stoo, akapewa kwa baraka zote, akatushonea fulana zisizo na mikono, nyepesi kuliko zote tulizowahi kuvaa. Mhuri wa hospitali aliugeuzia upande wa ndani. Hakufikiria jasho. Tulipolowa, kitambaa kikawa kama kioo, na kila mmoja wetu akatoka getini ameandikwa mgongoni: WODI YA WANAUME, ISITOLEWE NJE.

Getini alikuwepo mlinzi mgeni, ndiyo kwanza wiki yake ya kwanza. Alipoona wodi nzima inatoka mbio, akapuliza filimbi, akatufuata na buti zake na koti lake zito, akipiga kelele, "Rudini vitandani, jamani, daktari hajawaruhusu!" Sisi tulidhani kuna hatari nyuma yetu, tukaongeza mwendo. Hatujawahi kukimbia vizuri vile, si kabla wala baada. Alipotufikia, Shangazi alimpa maji, akamvua koti, akamwambia, "Baba, miguu unayo. Kilichokosekana ni nguo." Mlinzi huyo ndiye anayekusomea risala hii. Aliomba aya hii ifutwe, kikundi kikakataa kwa kauli moja.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, na tunaomba kuisema taratibu.

Mwaka jana, kabla ya mbio za hospitali, wafadhili wa wakati ule walitugawia suti za michezo. Zilikuwa suti za kung'aa, zenye bitana ndani na mishono minene kama kamba. Shangazi alianza kuitandaza ya kwake mdomoni kwa mazoea, halafu akaishusha. "Zawadi haipulizwi," akatuambia. Akaivaa mazoezini kila siku kwa heshima ya waliotoa. Mapaja yakachubuka. Akanyamaza, kwa sababu aliona haya kutaja mahali penyewe, na kwa sababu hakutaka aonekane mtu wa kuchagua vya bure. Kwa mtu mwenye sukari mchubuko si jambo dogo. Ukawa kidonda, na kidonda kikagoma kupona.

Siku ya mbio alikuwa amelazwa, juu ya shuka alilolitia kiraka kwa mkono wake, akisikia makofi yetu kupitia dirishani. Tulipokwenda kumwonyesha medali alitupongeza mmoja mmoja, akatutania, akamwuliza mhasibu kama amebebwa. Kisha akageukia ukutani. Tuliokuwa pale tuliumia sana, na bado tunaumia.

Alipona, tunamshukuru Mungu na wauguzi wetu. Akaanza upya kutoka kona ya jiko, na sasa mzunguko wote wa mbio anaumaliza akiongea. Jambo analolitaka mwaka huu ni moja tu: kuuona utepe wa mwisho akiwa barabarani, si dirishani.

Sasa, mgeni rasmi, nyuma ya meza kuu kuna maboksi. Hatujaambiwa yana nini. Ila dereva wako ni mtu wa watu, na sisi tulimkaribisha chai. Ubao wa matangazo nao unasema kwamba kwenye mbio za mwaka huu, Jumamosi, asiyevaa sare mpya hatakimbia. Tunakushukuru kutoka moyoni, kwa maana si wengi wanaowakumbuka madobi na wapishi. Lakini boksi moja lilikuwa limechanika pembeni, na mmoja wetu, ambaye hatumtaji ila ndiye anayesoma, aliinama akaipuliza suti iliyochungulia. Pumzi ilimrudia usoni.

Shangazi amelisoma tangazo. Hakulalamika. "Jumamosi nitashika maji," alisema huku akiendelea kukanyaga cherehani yake. "Anayeshika maji naye yumo mbioni."

Tulipomwambia tutamwombea ruhusa, akasimamisha cherehani. "Msije mkamwaibisha mgeni wa watu kwa sababu ya mapaja ya bibi kizee. Mtu ametoa kwa moyo wake."

Risala aliyoonyeshwa jana haikuwa na sehemu hii. Yuko kiti cha mwisho karibu na mlango, na bila shaka sasa hivi anatafuta njia ya kutoka. Shangazi, tunakuomba ukae.

MAOMBI

Mgeni rasmi, suti zako tunazipokea kwa mikono miwili. Tutazivaa kwenye gwaride la ufunguzi na kwenye picha, na wakati wa baridi walinzi watakuombea dua lindo zima. Ombi letu ni kwamba filimbi ikilia, kila mtu aruhusiwe kukimbia na nguo ambayo mwili wake umeizoea. Sare ibaki kuwa kipande cha kitambaa cha rangi ya suti hizi, kishonwe begani, watu wote wajue sisi ni wa nyumba moja. Fundi wa kushona vipande hivyo unamjua sasa.

Tunayo pia zawadi yako, mgeni rasmi. Ni kaptura ya kukimbilia, kazi ya Shangazi. Kipimo alikichukua kwa macho ulipokuwa unapanda ngazi mwezi uliopita, kwa hiyo ikibana, tunaomba zilaumiwe ngazi. Tunakuomba uipulize kabla hujaipokea. Tumeona madhara ya zawadi isiyopulizwa, na kuanzia leo kwetu hata zawadi inapulizwa, na anayetoa hachukii.

Jumamosi tunakualika ukimbie nasi mzunguko wa kwanza. Ukipenda, uuanze na suti ya kwenye boksi. Kaptura tutakubebea, na pa kubadilishia tutakuonyesha.

Mungu akujalie afya, pumzi ndefu, na nguo isiyokuchubua popote uendapo. Akubariki wewe, nyumba yako na dereva wako.

Ni sisi wako, Wakimbiaji wa Mlango wa Nyuma, pamoja na Shangazi, ambaye tunaomba kwamba Jumamosi maji yashikwe na mtu mwingine.