Ule Ufa Musizibe

Sikilizeni wanangu, karibieni kitanda. Aurélie, wewe baki hapo mulangoni na mbabula yako ya makaa, masikio yanatosha. Guylain, kaa chini, usisimame kama mutu wa safari. Anayesafiri ni mimi.

Parseli hii, kiwanja chetu cha Ndosho, baba yenu Kataliko aliniachia nzima, na ninawaachia nzima: Aurélie nyumba ya juu, Guylain upande wa chini. Lakini ule ufa wa jiwe la volkano ulio katikati hauna murithi, ni wa maji. Guylain, uliujaza changarawe na simenti, ukajenga juu yake chumba cha watoto wako, na nilipokukataza ukanijibu, "Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali nzuri, mwanangu, lakini walioitunga hawakukaa chini ya mulima Nyiragongo. Hapa kwetu anayeziba ufa ndiye atakayejenga ukuta, tena kila mwaka.

Nilipoolewa hapa, mama-mukwe alinifundisha kupima maji ya mulima kwa chungu. Ukiona wingu jeusi limekaa kule juu, hata kama kwetu jua linawaka, weka maharagi motoni. Zamani maharagi yaliiva, tukala, tukaosha na sahani, ndipo maji yakafika, yamechoka, mashamba na mawe yamekunywa mengi njiani. Kisha watu wakajenga kule juu, manjanja kwa manjanja, mabati tu, barabara ikapigwa simenti, maji yakakosa pa kupumzika. Siku hizi yanafika maharagi yakianza tu kutokota. Na anayebebwa ni yule anayesema, "Lakini hapa haijanyesha."

Jirani yetu Niyibizi, mumusamehe. Baba yenu alikufa hamusalimii, eti anatutupia maji. Nilinyamaza kwa heshima ya ndoa, ila iliniuma. Maji hayazaliwi kwa Niyibizi, yanapita kwake namna yanavyopita kwetu. Maji hufuata mkondo. Mwende mumwombe mutalimbo wake, muzibue ule ufa pamoja naye, na siku hiyo mupikie watu wote chakula.

Ngoja kidogo… nipe maji, Guylain. Inatosha.

Kunizika, munizike popote, musigombane. Vitenge vyangu ni vya Aurélie. Mungu awape mioyo myepesi, awakuzie watoto, mvua iwe kwenu ya kulimia, si ya kulilia. Pokeeni, wanangu. Nimewabariki.

Sauti inaniishia… Aurélie, angalia mulima. Umejifunika? Tangu asubuhi? Na hicho ninachosikia hapo kwenye mbabula… ni maharagi? Yanatokota?

Guylain, watoto wamelala wapi?

Enda, mwanangu. Acha mukono wangu, baraka nimekwisha kutoa. Enda uwatoe.