Maji ya Ukutani

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe saba Februari 1975, mgeni wa serikali alipoyaona maji aliyoyachora Mkadam kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

"Viongozi wa kijiji waliniambia nichore bomba linalotoka maji, mgeni aone haja yetu," Mkadam alimwambia mama aliyekaa naye kwenye lori la kwenda Kanga, wote wawili juu ya magunia ya nazi, maana viti navyo vilikuwa bado kwenye mpango. "Hakuna aliyenifundisha. Mke wangu Biubwa alikuwa akimimina maji kwa kata, nami nayatazama, mpaka nikajua kuwa hayataki buluu nyingi ya nili. Yanataka chokaa pale yanapong'aa."

"Yakawa kama maji kweli?"

"Mgeni hata garini hakushuka. Akasema, kumbe hawa maji wanayo. Pampu tuliyoahidiwa ikapelekwa kwingine, na viongozi wetu wakapiga makofi, wanaogopa kumsahihisha mkubwa."

Mama akaficha kicheko kwa upindo wa kanga. "Basi uliyachora mno, ndugu."

"Usiniite ndugu. Ndugu ni hao wapiga makofi. Biubwa akaendelea kuchota kisima kile kile cha matope, tumbo likamshika, nikamzika kabla ya Ramadhani. Wamemuua wao."

"Na siku ile ya mgeni, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale ukutani, mikono imejaa chokaa. Mgeni alinisifu."

Lori likasimama. Mama akateremka na kapu lake la korosho, akamgeukia taratibu.

"Na alipokusifu, baba, wewe ulimjibu nini?"