Vipimo vya Agosti

DEWEY: Haloo? Haloo, nani hapo?

ARZELLA: Umepiga wewe, halafu unaniuliza mimi ni nani?

DEWEY: Laini inakwaruza, shemeji, sikuwa na hakika. Ni mimi, Dewey.

ARZELLA: Najua ni wewe. Nani mwingine anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya ziwa? Hamjambo huko?

DEWEY: Hatujambo. Na wewe? Theluji haijakufungia mlango?

ARZELLA: Nimeipiga koleo asubuhi mpaka mgongo ukaniambia basi. Sasa nina sufuria ya maharage jikoni, mguu wa nguruwe ndani yake, na sitoki tena leo. Mdogo wangu hajambo? Miguu bado inamvimba?

DEWEY: Inamvimba. Daktari anasema zimebaki wiki sita ajifungue.

ARZELLA: Mwambie Maybelle aache kusimama kupiga pasi. Akikaa chini mashati hayatakufa.

DEWEY: Nitamwambia. Sasa, nilikuwa nataka kukuuliza kitu kidogo. Si kitu cha maana. Udadisi tu.

ARZELLA: Dewey, ni saa nane mchana, siku ya kazi. Nasikia mtambo nyuma yako. Udadisi gani huo wa saa za kazi?

DEWEY: Nimepata nafasi kidogo, nikasema —

ARZELLA: Umepigia simu ya wapi?

DEWEY: Ya ofisini.

ARZELLA: Ofisi ya nani? Kwa sababu mimi nilifanya kazi hapo miaka kumi na moja, na simu ilikuwa moja tu, na haikuguswa na mtu bila ruhusa.

DEWEY: [laini inakwaruza] ... barafu kwenye nyaya, unasikia? Haloo?

ARZELLA: Nakusikia vizuri sana. Uliza.

DEWEY: Ni kuhusu zile picha za kina. Zile unazozitazama bila miwani, mtu anaonekana kama ametokeza nje ya karatasi. Wewe ulipokuwa unazipima rangi, ile njano, nyekundu, buluu na nyeusi, ulikuwa unaanza —

ARZELLA: Zimeharibika.

DEWEY: Sijasema zimeharibika.

ARZELLA: Zimeharibika vipi?

DEWEY: Sijasema —

ARZELLA: Dewey.

DEWEY: [anavuta pumzi] Ni jalada la lile jarida la New York. Mwanamke ameshika keki. Nyuma yake kuna dirisha. Tumelichapa tangu Jumatatu.

ARZELLA: Na?

DEWEY: Ukilibandika chini ya ile plastiki ya matuta, mdomo unatangulia.

ARZELLA: Unatangulia vipi?

DEWEY: Mdomo uko mbele, shemeji. Peke yake. Uso unafuata nyuma yake. Na macho yamezama mpaka kisogoni, yanatazama kutokea dirishani.

ARZELLA: [anacheka]

DEWEY: Si jambo la kuchekesha.

ARZELLA: Subiri kwanza, nishike kiti. Na keki?

DEWEY: Keki haijambo.

ARZELLA: [anacheka] Mungu wangu. Keki haijambo. Miezi miwili nimekaa humu ndani sijacheka, na wewe unaniambia keki haijambo.

DEWEY: Wale wa jarida wanakuja kesho, saa tisa alasiri. Watatu, kwa treni. Wakiliona hili watarudi kwa treni hiyohiyo. Kwa hiyo, Bibi Whitlow, kama ungeweza tu kutueleza utaratibu uliokuwa ukitumia —

ARZELLA: Nani?

DEWEY: Nini?

ARZELLA: Bibi Whitlow ni nani? Umeoa mdogo wangu, umekula kwenye meza yangu Krismasi zote tangu mwaka hamsini na nane, hata siku moja hujaniita Bibi Whitlow.

DEWEY: Ulimi umeteleza.

ARZELLA: Nani yuko hapo?

DEWEY: Ni mimi tu.

ARZELLA: Bosi wako Kessinger amesimama karibu yako.

[mtambo unasikika]

ARZELLA: Amesimama au amekaa?

DEWEY: ... Amekaa.

ARZELLA: Vizuri. Asimame asisimame, haya ninayosema anayasikia?

DEWEY: Sehemu tu. Una sauti kubwa leo.

ARZELLA: Basi nitaongeza. Bwana Kessinger, habari za tangu Novemba.

DEWEY: Shemeji, tafadhali.

ARZELLA: Novemba alinisindikiza mpaka mlango wa nyuma na mkoba wangu na kikombe changu. Kosa langu nini? Nilimwuliza kwa adabu, kwa nini hati ya uvumbuzi inakwenda kusajiliwa Washington na jina lake peke yake. Akaniambia mimi ni mpimaji, wapimaji hawavumbui. Mwulize kama amebadili mawazo.

DEWEY: Siwezi kumwuliza hivyo.

ARZELLA: Basi twende kwenye picha. Mmeweka vipimo gani?

DEWEY: Vile vilivyoandikwa. Njano sifuri. Nyekundu mbili. Buluu tano, nyeusi sita. Sehemu za elfu za inchi. Tumefuata hivyohivyo, bamba la kuchapia la kila rangi limepunguzwa kama ilivyoandikwa, hatukukosea hata —

ARZELLA: Vimeandikwa wapi?

DEWEY: Kwenye daftari la maabara.

ARZELLA: Ukurasa wa lini?

DEWEY: [kurasa zinafunguliwa] Tarehe kumi na tisa, Agosti.

ARZELLA: Agosti.

DEWEY: Ndiyo.

ARZELLA: Na leo ni Januari.

DEWEY: Kwani kalenda inahusiana nini na —

ARZELLA: Kumbe alinakili vipimo vyangu mpaka na tarehe. Dewey, siku ile ya Agosti wewe ulikuwa umevua shati kwenye mtambo. Madirisha yote wazi. Karatasi ilikuwa imeshiba unyevu kabla haijaingia. Leo mabomba ya mvuke yanawaka usiku na mchana, karatasi imekauka, ina kiu. Ikipita kwenye maji ya mtambo inakunywa yote, inatanuka. Kwa rangi ya kwanza inatanuka kidogo, kwa ya pili zaidi, kwa ya tatu ndiyo usiseme. Yale matuta ya plastiki juu yake hayasogei hata unywele. Karatasi ndiyo inatembea. Kila rangi inaangukia kwenye tuta lisilo lake, ndiyo maana mdomo wa mama wa watu unatangulia kama unawahi basi.

DEWEY: Kwa hiyo vipimo vya leo ni ...?

ARZELLA: Sijui.

DEWEY: Usinifanyie hivyo, shemeji.

ARZELLA: Sikufichi. Sijui, na hakuna anayejua. Vipimo si tarakimu za kukariri. Unaichukua karatasi ya asubuhi hiyo, unaipitisha kwenye maji, unaipima. Unaipitisha tena, unaipima tena. Unaitazama upande wa urefu na upande wa upana, kwa sababu haitanuki sawa. Ndipo unampelekea mtu wa mabamba vipimo vyako. Hicho ndicho nilichovumbua. Yeye alichukua majibu ya siku moja, akaacha swali mezani kwangu.

DEWEY: [kwa sauti ya chini] Anasema nikuulize kama unaweza kukadiria.

ARZELLA: Mwambie akadirie yeye. Ndiye mvumbuzi.

[sauti ya mtu]

DEWEY: Anasema ... ngoja. Anasema yuko tayari kukurudisha kazini. Meza yako ileile. Na nyongeza kidogo.

ARZELLA: Meza ileile ya karibu na choo?

DEWEY: Shemeji, ni kazi.

ARZELLA: Sitaki meza. Nataka jina langu kwenye ile hati, kabla haijaondoka. Wakili anaichukua lini?

DEWEY: Kesho. Baada ya wageni.

ARZELLA: Iko hapo?

DEWEY: Iko hapa mezani. Pamoja na ule ukurasa, ndio ushahidi wenyewe.

ARZELLA: Nisomee chini ya ukurasa.

DEWEY: Chini hakuna kitu.

ARZELLA: Kila ukurasa wa daftari la maabara una mstari wa shahidi. Pasipo shahidi ukurasa huo ni wa kufungia samaki. Nisomee.

DEWEY: [laini inakwaruza] ... sikusikii vizuri ...

ARZELLA: Unanisikia.

DEWEY: Pameandikwa, "Nimesoma na nimeelewa."

ARZELLA: Halafu?

DEWEY: Saini.

ARZELLA: Ya nani?

[laini inakwaruza]

DEWEY: Yangu.

ARZELLA: [kifuniko cha sufuria kinalia]

DEWEY: Haloo? Shemeji? Bado upo?

ARZELLA: Nipo. Naepua maharage, yanaungua.

DEWEY: Aliniita mwezi wa kumi. Akanipa kalamu. Maybelle ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwa daktari, nikawaza kodi, nikawaza —

ARZELLA: Krismasi ulikaa mbele yangu. Ukaniomba mkate wa mahindi, nikakukatia kipande cha pembeni kwa sababu najua unapenda ulioshika chini. Ulikuwa umeshasaini.

DEWEY: Ndiyo.

ARZELLA: Nikakusimulia jinsi nilivyotolewa. Nililia, Dewey. Ukanipa leso.

DEWEY: Najua.

ARZELLA: Imeniuma. Nakwambia tu ujue, imeniuma kuliko yake. Kwake sikutarajia jema.

DEWEY: Sina la kusema.

ARZELLA: Unalo. Ulielewa?

DEWEY: Nini?

ARZELLA: Umeandika umesoma na umeelewa. Ulielewa nini?

DEWEY: Sikuelewa chochote. Ningeelewa, nisingekuwa nakupigia.

ARZELLA: Umwambie.

DEWEY: Shemeji —

ARZELLA: Mimi mlango wangu ulishafungwa, siwezi kumwambia lolote likafika. Wewe uko humo ndani. Simwombi mtu mwingine.

[mtambo unazimwa, sauti ya mtu mbali]

DEWEY: Wamezima mtambo. Anauliza tunaongea nini muda wote huu.

ARZELLA: Mjibu.

DEWEY: [mbali na simu] Bwana Kessinger. Huu ukurasa. Mimi sikuuelewa. Nilisaini kwa sababu ulinipa kalamu. [sauti ya mtu] Hapana, bwana, leo ndiyo nimeuelewa. Hivi sasa, kwenye simu. Na aliyenielewesha si wewe. [sauti ya mtu, kali]

ARZELLA: Anasemaje?

DEWEY: Anasema nifikirie mtoto wangu.

ARZELLA: Huyo mtoto ni wa mdogo wangu pia. Hatalala njaa mimi nikiwa na sufuria. Haya, fikiria.

DEWEY: Nafikiria.

[karatasi inachakarika]

ARZELLA: Unafanya nini? Dewey?

DEWEY: Nimekata saini yangu. Mistari miwili ya wino, na tarehe ya leo pembeni. Nimeandika na sababu. [sauti ya mtu] Anasema nimeharibu mali ya kampuni.

ARZELLA: Umeandika sababu gani?

DEWEY: Kwamba kazi hii ni ya Arzella Whitlow, na mimi nilimwona akiifanya Agosti nzima, na kwamba niko tayari kusema hivyo mbele ya wakili. Whitlow ni kwa herufi mbili za L au moja?

ARZELLA: Moja. Miaka yote hii, na hujui.

DEWEY: Nimeandika moja.

ARZELLA: Sasa mweleze hivi, polepole, asije akasema hakusikia. Nitakuja kesho asubuhi. Nitapima karatasi, mabamba yatakuwa tayari saa sita, na wageni wake wataona mdomo mahali pa mdomo. Lakini kwanza nataka hati mezani, jina langu limepigwa taipu juu yake, na saini yake chini. Nikikuta haliko, nageuka. Na wageni nitawangojea stesheni niwaeleze mwenyewe.

DEWEY: Amesikia. Amekuwa mwekundu. [laini inakwaruza] ... anasema ...

ARZELLA: Nini? Inakatika.

DEWEY: Anasema ukikanyaga hapa bila kuitwa ataita polisi.

ARZELLA: Aite. Polisi nao hawajawahi kuona mdomo unaotangulia uso. Mlango gani unafunguliwa mapema siku hizi?

DEWEY: Wa nyuma, saa kumi na mbili na —

ARZELLA: Siingii wa nyuma.

DEWEY: Wa mbele, basi.

ARZELLA: Ufunguo wa mbele anao yeye.

DEWEY: Atafungua. Tangu Jumatatu anatazama macho yanayotoka dirishani. Atafungua. [laini inakwaruza] Shemeji, sikiliza, kabla haijakatika. Mabasi kesho hayatapita huko kwako Mtaa wa Clarissa, kwa theluji hii. Saa moja kasoro robo nitakuja na gari.

ARZELLA: Dewey, unaniambia hivyo mbele yake?

DEWEY: Ndiyo. Sikunong'ona.

ARZELLA: Atakufukuza kabla hujaweka simu chini.

DEWEY: Amefungua mdomo. Bado hajasema. [laini inakwaruza] ... vaa viatu vya ...

ARZELLA: Haloo? Dewey? Usipige honi, nitakuwa nje. Umesikia? Nitakuwa nimesimama nje.