Bi Hamira, Aliyeendelea Kurudi Kliniki

Ndugu na jamaa, majirani, wenzake wa bekari, na ninyi wa kliniki ya mifupa mliofika na magongo yenu, asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Aliniagiza mwenyewe nisome wasifu huu, akanionya nisimpambe. "Ukinipamba sana," alisema, "watu watadhani wamekosea msiba." Nitajitahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yetu, fundi viatu. Mama alikuwa akifua nguo za watu, kwa hiyo tulikulia katika harufu ya gundi na sabuni. Dada ndiye aliyetubeba mgongoni sisi wadogo. Ndiye pia aliyetuchapa tulipokosea, na mara nyingine kabla hatujakosea, kwa tahadhari.

Alianza shule mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Darasani alikuwa na maswali mengi mno. Siku moja mwalimu wa sayansi alimwuliza, "Wewe umekuja kujifunza au kunihoji?" Akajibu, "Vyote viwili, mwalimu." Kipindi kilichobaki alikimalizia nje ya mlango. Alitamani kuwa muuguzi, lakini macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia na nyumba ilihitaji mtu wa kuleta riziki. Akajiunga na chuo cha ufundi, akasomea uokaji.

Mwaka 1977 aliajiriwa bekari, kwanza kuosha trei. Alipostaafu alikuwa msimamizi wa tanuri zote. Mkate ukiungua hakuuficha. Aliuweka mezani katikati, wote wauone, kisha akauliza umeungua kwa nini. Huko ndiko alikopewa jina la Bi Hamira. Wageni walidhani ni kwa sababu ya mikate. Wenzake wanajua ni hasira yake: haikuja ghafla, iliumuka taratibu, lakini ikishaumuka hukuona pa kusimama.

Shemeji yetu, kinyozi, alikuwa na kiti chake mtaa wa pili. Kila asubuhi alinunua mikate mitatu, na kila mtu alijua anaishi peke yake. Mwishowe dada akamwuliza, "Kaka, hivi mikate yote hii unakula na nani?" Akajibu, "Huyo wa kula naye bado namtafuta." Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwezi Mei 2009, magunia ya unga yaliyokuwa yakishushwa yaliporomoka, yakamwangukia na kumvunja mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Tuliambiwa miezi michache tu atasimama. Wapi! Alifungwa bamba la chuma, baadaye akawekewa vyuma vya nje, lakini mfupa ukagoma kuungana. Miaka ikapita yuko kwenye magongo. Mtu aliyesimama mbele ya tanuri maisha yake yote akawa anapanga vijiko kwenye droo, akimaliza anavipanga upya. Shemeji alihamishia kiti chake barazani kwao, akanyoa wateja mlango ukiwa wazi, ili amsikie akiita.

Mwaka 2012, kliniki ya mifupa ilianza majaribio ya tiba ya seli kwa watu wenye mivunjiko isiyopona. Daktari kijana alimweleza taratibu: wangemchoma sindano kwenye nyonga, watoe uboho ulio ndani ya mfupa, seli zake zikuzwe maabara kwa wiki kadhaa, kisha zirudishwe pale mfupa ulipoachana.

"Kumbe ni hamira," dada akasema.

"Karibu hivyo, mama. Ila wengine watapata seli, wengine watapandikizwa mfupa kwa njia ya kawaida. Ni bahati nasibu. Mimi sichagui, na wewe huchagui."

"Nikikataa, mtanifukuza?"

"Hapana. Tutaendelea kukutibu."

"Nikikubali, unaniahidi nitapona?"

"Hapana, mama. Hilo siwezi."

"Basi tutaelewana," akasema. "Wote walioniahidi wamenichosha."

Bahati nasibu ikamwangukia upande wa seli. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba, na dada yetu hakuwa na sauti ya kuimba. Seli zikapandikizwa, lakini picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha mfupa kuungana. Ya pili vilevile. Wenzake walioingia naye walianza kuacha magongo mmoja baada ya mwingine, naye akiwapongeza, kisha nyumbani anajifungia chumbani.

Baada ya mwaka, daktari alimwonyesha picha: ufa ulikuwa pale pale. Kijana wa watu alianza kueleza, akaishia kufuta macho. Dada akamshika mkono. "Mwanangu, hukuniahidi. Usilie kwa deni usilokopa."

Alipofika nyumbani ndipo yeye alipolia. Akasema harudi tena kule, ya nini kwenda kuwa kioja. Shemeji hakubishana. Alimletea beseni la maji ya moto, akamkanda ule mguu, halafu akasema, "Usiporudi, watahesabu waliopona peke yao. Wagonjwa watakaokuja watadhani dawa hii haikosei." Dada akamwacha amalize kuukanda. Kisha akasema, "Kinyozi wewe, kumbe una akili." Na hakukosa hata kliniki moja mpaka majaribio yalipofungwa. Majibu yalipotoka, wengi walikuwa wamepona, wachache hawakupona. Yeye alikuwa kati ya wale wachache.

Maumivu yalipozidi, mwaka 2014, aliamua mwenyewe mguu ukatwe chini ya goti. Nilikuwa naye asubuhi ile. Aliutazama, akausugua kidogo kama mtu anayemuaga mtoto anayekwenda bweni, akasema, "Umejitahidi. Sasa nipishe nikafanye kazi." Alipozoea mguu wa bandia alirudi mbele ya tanuri, akaoka mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Kliniki ilipoanza majaribio mengine, walimwomba awe anakuja kuzungumza na wagonjwa wapya. Alikuwa akivuta kiti, anapandisha gauni mpaka wauone mguu wa bandia, kisha anaanza: "Mimi ndiye ambaye haikumfaa. Haya, niulizeni." Waliuliza yote waliyoogopa kumwuliza daktari. Wengine walikataa kuingia, naye akawaunga mkono. Wengine waliingia, akafuatilia picha zao kuliko alivyofuatilia zake. Alipoambiwa mfupa wa dereva mmoja wa lori umeungana, alimwokea mkate mkubwa, akaupeleka mwenyewe wodini.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aligunduliwa na ugonjwa wa moyo. Aliugua kwa ustaarabu kiasi, ila aliwagombeza wauguzi kwa mkate wa hospitali. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Shemeji alikuwa akimchana nywele. Anasema dada alimwambia, "Taratibu, bwana, sina haraka," akafumba macho.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi ndugu zake watatu. Ameacha pia bekari nzima na wagonjwa ambao idadi yao hatuijui. Yule dereva wa lori alitujia jana, akaomba jambo moja tu: awe miongoni mwa watakaombeba. Shemeji alimwuliza kama mguu utahimili. Akasema, "Baba, huu mguu niliutia moyo kwa maneno yake. Acha nimpeleke."

Kwa hiyo ndiye atakayeshika jeneza mbele, upande wa kulia. Mpisheni njia.

Dada, umesimama vya kutosha. Mwenyezi Mungu akupokee, upumzike kwa amani.