Papa Symphorien Mwepu na Remorki ya Mashua

“Hauna hata nguvu ya kushika spana, na unataka kuingia chini ya remorki?”

“Sasa nani atafanya, Mama? Nicolas? Ule muvuvi hajue kuachanisha grisi na mafuta ya mawese.”

“Miye nitafanya.”

“Weye? Hii haiko sufuria.”

“Sufuria zangu haziachake gurudumu mu njia, Papa. Yako iliachaka, bantu yote banaona.”

Hivyo ndivyo walivyogombana asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, katika uwanja wa nyumba yao, Papa Symphorien Mwepu, tunayemzika leo, na mke wake Mama Georgette, na familia imependa historia yake ianzie hapo, kwa sababu siku ile alicheka kuliko siku zote za ugonjwa wake.

Papa Symphorien alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 hapa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mtoto wa tatu kati ya wanane, akasoma shule ya msingi kwa mapadri hadi mwaka 1971, kisha shule ya ufundi, akapata cheti cha kuchomelea vyuma mwezi wa Julai 1976, na mwaka huohuo akaingia kazini katika karakana ya kiwanda, alikofanya kazi miaka ishirini.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mama Georgette katika parokia ya Panda, Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza Joachim, wa mwisho Fidélie, na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1997 alinunua ekseli ya pikapu iliyokufa, akaunda remorki, yaani tela la kuvutwa na gari, ya kubeba mashua za mbao, zinazotengenezwa hapa Panda, hadi kwa wavuvi wa ziwa la Kapolowe, na kabla ya kila safari aliikagua kwa utaratibu uleule, matairi, bolti, taa, kisha baada ya kilomita kumi alisimamisha gari na kuweka kiganja juu ya kitovu cha kila gurudumu, asikie kama kina joto. Walipofika ziwani hakukubali remorki iingie majini kabla vitovu havijapoa, maana kitovu cha moto kikizama katika maji baridi huyavuta ndani, na grisi inaharibika hata gurudumu likaweza kuchomoka, hivyo wavuvi walikaa wakila viazi vitamu na kumnung’unikia.

Mara moja tu, mwezi wa Mei 2001, aliwasikiliza wenye haraka, na wiki iliyofuata gurudumu lilichomoka njiani, likampita yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, likaingia katika shamba la mahindi la watu. Tangu hapo hakuruhusu mkono mwingine wowote uguse remorki ile, na Mama Georgette akabaki akichambua sombe, majani ya mihogo, uwanjani, akitazama, miaka ishirini na mitatu.

Mwezi wa Februari 2023 alishikwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikavimba, na jambo lililomnyima usingizi halikuwa kufa, bali kwamba hakuwa na mtu wa kumkabidhi kazi ile, na Joachim alikwisha kupata mtu wa kuinunua remorki kama vyuma chakavu.

Basi siku ya ugomvi ule Mama alijifunga kitenge cha pili, akaingia chini, naye Papa akaketi kwenye kigoda akitoa amri, lakini kila alipotaja kitu Mama alikuwa amekwisha kukigusa. Alipofika kwenye mkono wa kuifunga remorki kwenye gari Mama aliomba kisu, akakwangua rangi ambayo Papa mwenyewe aliipaka mwezi wa Juni, na chini yake kulikuwa na ufa mrefu kama kidole.

Papa aliutazama ufa, akacheka mpaka machozi, akaita majirani waje waone namna mke wake alivyomshinda, na mmoja wao, Parfait, akauchomelea siku ileile. Kuanzia usiku ule Papa alilala vizuri.

Aliaga dunia hospitalini tarehe 9 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Panda, wenzake wa karakana, na wavuvi wa Kapolowe waliotuletea samaki kwa ajili ya matanga.

Lala salama, Papa, kazi yako iko mikononi mwa uliyemchagua, maana siku mbili kabla ya kifo chako, watoto walipokuwa wakikutoa nyumbani kwenda hospitali, Nicolas mvuvi alifika kuuliza kama remorki inaweza kwenda, nawe uliwaambia wakusimamishe kidogo pale mlangoni, ukamjibu:

“Uliza Mama. Kama yeye anasema iende, iende.”