Conrad Ntare, Sauti ya Mama wa Stesheni

"Sha, acha uongo! Yule mama hakusema kitu, alifunga mdomo!"

"Alifunga mdomo kwa Kizungu, Révérien. Kwa Kiswahili alisema."

"Deki ni yangu, mkanda ni wangu, nimeutazama kuliko wewe!"

"Umeutazama, bwana. Hujausikiliza."

Ndugu waombolezaji, hivyo ndivyo walivyogombana karibu kila Jumapili, mbele ya ukumbi wa video pale Biryogo, bwana Révérien mwenye ukumbi na marehemu tunayemzika leo, Conrad Ntare, mkalimani wa filamu, na mimi Gaju, mdogo wake wa mwisho, niliyeandika haya, nimeanza hapo kwa sababu hapo ndipo ninapomsikia vizuri zaidi, na baba mdogo Rutayisire, anayewasomea haya kwa niaba ya familia, amekubali yabaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1966 huko Kabuga, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee wetu Shema, aliyetutangulia, na mama yetu Pudentienne, tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kabuga kuanzia mwaka 1973 hadi 1981, nafasi ya sekondari haikupatikana, akalima na mama shamba la Masaka, kisha mwaka 1984 akawa tingo wa malori ya Mombasa, na barabara ile ndiyo iliyomfundisha Kiswahili, pamoja na Kiingereza kidogo cha mpakani, na ndiko alikoona video kwa mara ya kwanza, katika hoteli ya madereva, akawa kila akirudi anatusimulia mpaka maharage yanapoa.

Vita vilipoanza Oktoba 1990 na njia ya kaskazini ikafungwa, lori lake liliegeshwa, na mwezi Machi 1991 akaanza kazi kwa bwana Révérien, akikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili wanayosema Wazungu, Wachina na Wahindi. Majina ya filamu wengi wetu hatukuweza kuyasoma, kwa hiyo tulizipa majina yetu wenyewe, na filamu aliyoieleza yeye ilitembea mtaani wiki nzima, mafundi cherehani wakiambiana maneno yake juu ya vyerehani.

Alipenda sana kuuliza, kati ya filamu hizi mpya ni ipi itakayotafutwa siku watoto wetu watakapokuwa wazee. Bwana Révérien alisema ni ile tuliyoiita Daraja, kwa kuwa siku ilipooneshwa watu waliruka mpaka wakavunja benchi, marehemu akamjibu kwamba benchi lile lilivunjika kwa sababu lilikuwa sanduku la sabuni. Yeye alishikilia Mama wa Stesheni, filamu ya mama anayekwenda kila jioni kumngojea mwanawe aliyekwenda vitani, hadi treni ya mwisho inafika bila abiria hata mmoja, mama anaitazama tu, na hapo marehemu alimpa maneno haya: "Treni haina kosa, imeleta waliopanda." Watu walibaki wameketi hata mkanda ulipokwisha, maana hata kwetu wako waliokuwa wakingoja watu.

Bwana Révérien ni mtu wa ukweli, na siku moja alimwambia waziwazi, "Filamu itabaki, Conrad, lakini hayo unayoongeza utakwenda nayo." Siku hiyo marehemu alirudi nyumbani akasukuma sahani, akaniuliza kama kweli maneno yasiyokuwa kwenye mkanda hupotea. Tangu hapo hakutaka kitu kingine, alitaka mama yule aendelee kusema hata yeye asipokuwepo.

Tarehe 25 Julai 1992 alifunga ndoa na Mutoni, fundi wa kushona, bwana Révérien akiwa msimamizi wake, wakibishana hata kwenye picha, na Mungu akawajalia binti mmoja, Shami, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili mwaka huu wa 1993, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake.

Kwa maana koo lilianza kumsumbua marehemu Novemba mwaka jana, na kufikia Januari sauti ilikuwa imekwisha, ikabaki pumzi. Mwezi Februari, Mama wa Stesheni ilipooneshwa tena, alikuja amejifunika koti, akaketi nyuma, bwana Révérien akashika kipaza sauti na kueleza kila kitu kama kilivyo, na mwisho ulipofika, kwa kuwa mama yule hakusema kitu, naye hakusema kitu. Watu wakageuka wote, wakaiacha televisheni, wakamtazama Conrad, na tuliokaa karibu tuliiona midomo yake ikitembea. Hakuna kaseti iliyowahi kuichukua sauti ile, nimeulizia kila nyumba, na hata sasa redio ya jirani ikianza ghafla mimi huinua kichwa.

Alilazwa hospitalini mwezi Machi, na Jumapili asubuhi, tarehe 9 Mei 1993, akatutoka, Mutoni akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, madereva na matingo wenzake waliosimamisha magari kuja hapa, majirani wa Biryogo, Waislamu kwa Wakristo, waliotuletea kuni na maji, na bwana Révérien, aliyebeba jeneza mbele na ambaye leo hajabishana na mtu. Kaka, pumzika, mwili umechoka, Mungu akupe amani yake.

Tunamshukuru pia mama Générose, jirani yetu muuza mkaa, ambaye wiki iliyopita alikuwa Kabuga kwa dada yake, akaingia kwenye ukumbi mmoja usio na mkalimani kuitazama Mama wa Stesheni, na jana alipofika msibani hakupita ndani kwanza, alisimama mlangoni na khanga yake begani, amekasirika kama mtu aliyeibiwa, akaniambia, "Gaju mwanangu, ile yao ya Kabuga ni ya bandia, yule mama mpaka mwisho hakusema kitu."