Binti Yangu Namba Arobaini na Tatu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwenyekiti wa umoja wetu wa ugenini amenipa dakika kumi, na wanaonijua wanajua kwamba dakika kumi ndizo ninazotumia kukohoa tu. Nitajitahidi. Majina ya watu sitataja.

Ndugu zangu, mimi ni msomi. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni kule Morogoro, mchana nabeba mbao, jioni nakaa dawati moja na mzee mwenye wajukuu sita. Matokeo yakibandikwa ukutani, kila mtu anatafuta nafasi yake. Nilianza nikiwa wa mwisho, nikamaliza wa pili, na nadhani mpaka leo mji mzima unanizungumzia. Kwa hiyo kwangu mimi shule ni nafasi. Mengine ni mapambo.

Tulipohamia hapa China, mji wa Guangzhou, mke wangu alihangaika na karatasi miezi miwili hadi binti yetu akapokelewa shule ya msingi ya serikali, nyuma ya masoko ya viatu ya Liuhua. Furaha yetu ingetosha mkoa mzima. Kisha ukaja mtihani wa kwanza, na hapa mzazi lazima atie saini karatasi. Nikatazama juu kabisa, nikaona 43. Darasa lina watoto arobaini na wanne.

Nikasema, bado mgeni, lugha hajaijua. Mtihani wa pili, 43. Hesabu, 43. Mwezi uliofuata, 43. Hapo nikaingiwa na shaka. Mtoto gani hapandi hata nafasi moja, wala hashuki? Hata mvivu kuna siku hukosea akafaulu.

Nikaanza upelelezi. Kichina changu ni cha sokoni, namba, bei na kukataa, lakini namba nazijua kuliko wenyewe. Nikasimama langoni nikawauliza wenzake. Mtoto wa mpika tambi kutoka Sichuan, arobaini na moja. Mtoto wa mchukuzi wa mizigo, naye wa kuja, arobaini na mbili. Wangu, arobaini na tatu. Wenyeji wa mji, wote juu. Mnaona? Wageni tumepangwa mkiani, kama viatu vyenye kasoro vinavyofichwa chini ya gunia. Nikajiambia, huyu mwalimu hasahihishi karatasi, anapanga watu.

Binti akaniambia, "Baba, hiyo ni namba yangu ya daftari la mahudhurio. Alama ni hizi za chini."

"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna, baba."

"Mwalimu wako kakufundisha kunijibu."

Na hapo ndipo nilipoanguka, na hapa sitanii. Nilianza kumwita Arobaini na Tatu. Arobaini na Tatu, lete maji. Arobaini na Tatu, njoo ule. Nilidhani namtia hasira ya kusoma. Yeye akaitika, "Abee, baba," kila mara. Mke wangu akasema, "Unamchoma mtoto, mume wangu." Nikamshuku hata yeye, nikahisi mwalimu keshamweka mfukoni.

Nikaamua muhula ukiisha binti arudi Morogoro kwa bibi yake. Nikamwambia mezani. Hakulia. Aliuliza tu kama ataruhusiwa kwenda na mkoba wake wa shule.

Ila kwanza nilitaka kumpasha mwalimu ukweli kwenye kikao cha wazazi. Vikao vya nyuma vyote nilivikwepa kwa kisingizio cha biashara. Kumbe hapa mzazi hukaa kwenye dawati la mwanawe. Nifikirieni, mwili huu kwenye kiti cha mtoto wa miaka minane. Magoti yalinifika masikioni. Nilikuwa na hotuba ya kuzuia ndege zisitue uwanja wa Baiyun.

Mwalimu akaanza kusifu watoto. Maneno yalinipita, nikadaka namba. Arobaini na nne, hesabu, mia moja. Makofi. Akasimama mama aliyekaa nyuma yangu, nikageuka, na nani? Laoban wangu, yaani tajiri ninayenunua kwake viatu vya jumla kila wiki, mama kutoka Hunan. Sikujua kama ana mtoto humu. Nikawaza, wa mwisho anapigiwa makofi? Wanatucheka.

Nikamnong'oneza, "Laoban, wa arobaini na nne anasifiwa nini?"

Akafanya kama tunavyofanya dukani. Akatoa kalkuleta. Akabonyeza 44, akanionyesha jina la mwanawe. Akabonyeza 100, akanionyesha wino mwekundu chini ya karatasi. Nikatikisa kichwa.

"Rafiki, duka langu namba ngapi?"

"Mia tatu na kumi na sita."

"Viatu vyangu ni vya mia tatu na kumi na sita kwa uzuri?"

"Hapana, laoban. Ni vya kwanza."

Akabonyeza tena 44, nami nikaelewa.

Nikaitoa karatasi ya binti yangu, na kwa mara ya kwanza nikashusha macho chini ya ile 43. Hesabu, tisini na moja. Kichina, hamsini na nane. Pembeni ya hamsini na nane pana mstari mwekundu. Laoban akanisomea: mzazi amsikilize mtoto akisoma kwa sauti kila siku. Maneno hayo yalikuwa kwenye karatasi saba, na zote saba nimezitia saini, tena saini nzuri.

Nilimuuliza mwalimu, kwa nini basi wageni wote tuko mwisho wa daftari? Akajibu kwamba majina huandikwa kadiri karatasi za kujiandikisha zinavyokamilika, na za wenyeji hukamilika mapema. Shaka yangu haikuisha yote. Kidogo ninayo hadi leo, na sidhani kama ni dhambi.

Nikarudi nyumbani nikamwita binti yangu kwa jina lake. Mara ya kwanza hakuitika. Nikamwita tena, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Safari ya Morogoro ikafa.

Namshukuru mke wangu, namshukuru mwalimu niliyemtukana moyoni mwaka mzima, namshukuru laoban na kalkuleta yake. Na ninyi wazazi wenzangu nawaomba: mtoto akikueleza jambo, mwamini angalau kwa muda wa kwenda kuuliza.

Siku hizi kabla ya chakula anasoma, nami nafuatisha. Amenipa daftari langu, na juu yake kaandika 45. Nikamuuliza, "Mwanangu, ndiyo nafasi yangu hiyo?"

"Hapana, baba," akasema. "Umechelewa kujiandikisha."